Kiwele kimeharibika: cha kujaribu kabla ya antibayotiki, na mahali pa kuacha kujaribu

Simu za ugonjwa wa kiwele hunijia kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, watu wakiwa bado na ndoo mkononi. Mimi si daktari wa mifugo. Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Arumeru, Arusha, na nimeshapoteza robo mbili za kiwele (kila chuchu ina robo yake) kwa ujinga wangu mwenyewe, ndiyo maana majirani wananiuliza. Swali huwa lile lile: "Nimpe nini cha asili?" Ukichimba kidogo unakuta mtu hana mapenzi makubwa na mitishamba. Anajua tu kwamba ng'ombe akiwekewa tyubu za kiwele (antibayotiki inayoingizwa kupitia tundu la chuchu), maziwa yanamwagwa siku tatu au zaidi kufuatana na maandishi ya dawa, na ada ya shule haisubiri.

Sababu hiyo naielewa. Ipo na nyingine: dawa zikipigwa ovyo, vijidudu vinazizoea, na maziwa yenye mabaki ya dawa hayagandi. Mwenye mtindi akilalamika kwamba maziwa yako ya jana yamekataa kuganda, mara nyingi amejua siri yako.

Basi msimamo wangu ni huu. Kesi nyepesi za kiwele, nyingi tu, hupona bila antibayotiki. Lakini sijaona hata moja iliyoponywa na jani lililopakwa juu ya ngozi. Kinachoponya ni kinga ya ng'ombe mwenyewe, ikisaidiwa na mikono yako inayotoa uchafu ndani. Jani linatuliza uvimbe. Ukizichanganya hizo mbili utakuja kumpoteza ng'ombe ukiwa unaponda mshubiri (alovera).

Vitu vitatu kabla ya kitu chochote

Kikombe, mkono, kipimajoto.

Kikombe kiwe cheusi, au funika kikombe cha kawaida kwa kitambaa cheusi. Kamulia humo mikamuo mitatu ya kwanza ya kila chuchu na usizichanganye chuchu. Kwenye weusi bonge dogo kama punje ya mchele linaonekana. Kwenye ndoo ya plastiki nyeupe hulioni mpaka liwe kubwa kama maharage.

Mkono: pima robo zote nne kwa kuzilinganisha. Ipi ya moto? Ipi ngumu? Ipi inamfanya arushe teke?

Kipimajoto ni hiki cha kawaida cha duka la dawa, kinaingizwa njia ya haja kubwa dakika mbili tatu. Ng'ombe mzima ana nyuzi 38.0 hadi 39.3 hivi. Ikizidi 39.5, au ikishuka chini ya 38 na ng'ombe amenyong'onyea, ruka sehemu zote hapa chini uende ya mwisho.

"Maziwa yana mabonge, ila ng'ombe anakula kama kawaida"

Hii ndiyo simu ya kila wiki, na hapa ndipo njia zisizo za antibayotiki zina nafasi yake halisi.

Chanzo cha kwanza, hasa masika, ni sakafu. Vijidudu vya kinyesi, E. coli na wenzake, vinapanda kwenye chuchu ng'ombe akilala kwenye tope lake. Baada ya kukamuliwa, tundu la chuchu hubaki wazi nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Akilala dakika hizo, umemlaza mlango ukiwa wazi. Cha pili ni mkamuaji: mikono isiyooshwa, au kitambaa kimoja kinachofuta viwele vya ng'ombe wote. Cha tatu ni chuchu iliyoumia, ama kwa mwiba, ama kwa kukanyagwa, ama kwa mkamuaji anayevuta kwa kidole gumba badala ya kubana kwa kiganja. Cha nne ni ugonjwa wa zamani ulioamka. Huo nimeutengea sehemu yake.

Fanya hivi siku ya kwanza:

- Maziwa ya robo mbovu yasiingie kwenye ndoo, wala usimpe ndama, wala usiyamwage sakafuni bandani. Na usijidanganye kwamba utachemsha. Kijidudu kiitwacho Staphylococcus aureus kikishatema sumu yake, kuchemsha kunakiua chenyewe na kuiacha sumu.
- Kamua robo hiyo kila baada ya saa tatu au nne mchana, na mara moja kabla ya kulala, mpaka iishe kabisa. Inachosha. Lakini kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili, maana unatoa mabonge na sumu zinazomuumiza.
- Kiwele kikiwa cha moto na chekundu, kimwagie maji baridi kwa dakika kumi baada ya kukamua. Joto likishatulia, siku ya pili au ya tatu, tumia taulo la maji ya uvuguvugu kabla ya kukamua ili mabonge yalegee. Kausha kila mara. Kiwele kinachochuruzika maji kinapeleka uchafu kwenye tundu la chuchu.
- Kanda kutoka juu kushuka chini. Akionyesha maumivu, acha.
- Mkamue wa mwisho, baada ya wazima wote, kisha nawa kwa sabuni.

Sasa hiyo mitishamba. Mchanganyiko ambao ningekuelekeza ni wa India, unaopendekezwa na Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Maziwa ya huko: mshubiri gramu 250, manjano ya unga gramu 50, na chokaa gramu 15. Chokaa ni ile ya kulia tambuu, wala usikaribie ile ya ujenzi, itamchubua. Ukisaga vyote pamoja, manjano yakikutana na chokaa hugeuka mekundu kama damu, usishtuke. Osha kiwele, kamua kiishe, chota kiganja kimoja, zimua kwa maji kiasi cha glasi ndogo, paka kiwele chote. Wahindi wanarudia mara nane hadi kumi kwa siku, kwa siku tano, na wanasaga upya kila siku. Hakikisha umeosha vizuri kabla ya kukamua tena, kwa sababu mshubiri ni mchungu na maziwa ya robo zisizo na ugonjwa yataubeba uchungu huo.

Mimi huu naupa sifa ya kushusha uvimbe. Mwarobaini uliochemshwa nao unafaa kuoshea ngozi yenye vidonda vidogo. Kitunguu saumu ukimlisha, utakachokiona kwa hakika ni maziwa yanayonuka kitunguu.

Onyo, na hapa naomba unisikilize. Usiingize kitu chochote cha jikoni ndani ya tundu la chuchu. Si asali, si maji ya kitunguu saumu, si mafuta ya nazi, si maji ya chumvi, hata kwa bomba jipya la sindano. Kila unachoingiza hivyo huingia na vijidudu vyake, na nimeona robo iliyokuwa na mabonge machache ikageuka usaha mtupu ndani ya siku mbili baada ya mtu kuingiza asali. Usipake mafuta ya taa wala oili chafu. Usichanje kiwele kwa wembe ili "damu mbaya itoke". Usipitishe kijiti kwenye chuchu iliyoziba.

Kama ng'ombe anaumwa sana ukimgusa ila hana homa, mwulize daktari wa mifugo dawa ya maumivu kama meloksikamu. Si ya asili, lakini pia si antibayotiki, na ng'ombe asiyeumia anakula na kukubali kukamuliwa. Nayo ina siku zake za kusubiri kabla ya kuuza maziwa.

Kesi nyepesi ya namna hii unaweza kuisubiri saa 24 bila hasara; hata kwenye mashamba makubwa ya nje hungoja siku hiyo moja majibu ya maabara ndipo waamue kama dawa inahitajika, kwa kuwa sampuli nyingi hazioti kitu (ng'ombe ameshamaliza vijidudu mwenyewe) au zinaota E. coli, ambayo kwa kesi nyepesi huondoka bila dawa. Baada ya saa 24 pima tena. Pamekuwa pabaya zaidi? Mpigie daktari simu. Pako vile vile? Endelea hadi siku ya tatu. Siku ya tatu mabonge hayajapungua? Piga simu.

Na mabonge yakiisha usishangilie mapema. Kwa kawaida huisha siku ya nne mpaka ya sita hata kama kijidudu bado kimo ndani. Ndiyo maana kila kijiji kina jani lake "linaloponya kiwele siku tano". Rudia kipimo cha sabuni, nitakachokieleza hapa chini, baada ya wiki tatu.

"Maziwa yamepungua, mabonge hakuna"

Mama mmoja jirani, mtu mzima, alinipigia mwaka jana.

"Mwanangu, ng'ombe kapigwa jicho. Juzi lita tisa, leo sita."

"Shikamoo mama. Anakula?"

"Marahaba. Anakula vizuri. Ila mjukuu kakataa chai, anasema nimetia chumvi badala ya sukari."

Sikuuliza tena. Nilibeba sabuni ya unga nikaenda.

Lakini nisiruke utaratibu. Maziwa yakipungua bila mabonge, sababu za kawaida kabisa ni maji na malisho: ndoo moja ya maji asubuhi haitoshi ng'ombe anayetoa lita kumi. Halafu kuna joto la kupandwa, mimba iliyokomaa, kubadilisha mkamuaji, na ndigana au homa nyingine. Ukishayatoa hayo, shuku ugonjwa wa kiwele uliojificha. Huu ndio mwingi kuliko ule wa mabonge, nao hauonekani kwa macho. Ladha ya chumvi ni dalili yake, ingawa na ng'ombe aliye mwisho wa kukamuliwa anaweza kuwa na maziwa ya namna hiyo. Usionje maziwa mabichi ili kuhakikisha; brusela haina harufu.

Kipimo: koroga gramu 15 za sabuni ya unga ya kufulia, kama vijiko vidogo sita, kwenye nusu lita ya maji. Kamulia maziwa kidogo ya kila chuchu kwenye visahani vinne, ongeza maji ya sabuni kiasi kile kile, zungusha taratibu kama dakika moja. Maziwa mazima yanabaki majimaji. Yenye ugonjwa yanavutika. Kwa yule mama visahani vitatu vilikuwa maji, cha nne, cha chuchu ya nyuma kulia, kilivutika kama mlenda. Dawa halisi ya kipimo hiki ipo madukani na ni sahihi zaidi, kwani ndiyo iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1950 kwa jina la California. Sabuni ni ya kukutoa gizani tu. Usipime ng'ombe aliyezaa wiki hii. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, itakudanganya.

Ugonjwa uliojificha, ng'ombe akiwa bado anakamuliwa, mara nyingi hauhitaji tyubu wala majani. Unahitaji ukamuaji safi. Nawa, kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja, kausha, kamua kwa kiganja, chovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini ya kuchovyea ukimaliza (iodini ya vidonda yenye spiriti usitumie, inaunguza), kisha mpe majani horini asimame nusu saa. Kama unafugia ndani, toa kinyesi mara mbili kwa siku na mbadilishie matandiko. Maranda ya mbao yaliyolowa ni makazi mazuri sana ya kijidudu kiitwacho Klebsiella, ambacho ni kibaya kuliko E. coli. Mchanga mkavu ni bora ukiupata.

Wenye chotara wanaoachiwa ndama wanyonye mabaki baada ya kukamua, endeleeni. Ndama anamaliza kilichobaki, na desturi hiyo inapunguza ugonjwa wa kiwele. Robo iliyo na mabonge ndiyo asiachiwe.

Yule mama alibadilisha kitambaa na kuacha kuvuta chuchu kwa gumba. Baada ya mwezi kisahani cha nne bado kilikuwa kizito kidogo, lakini lita zilirudi nane.

"Kiwele kimevimba kama ngoma, anakaribia kuzaa"

Mara nyingi si ugonjwa. Mtamba anayezaa mara ya kwanza huvimba robo zote nne, mpaka kitovuni wakati mwingine. Bonyeza kwa kidole: pakibaki shimo kama kwenye unga uliokandwa, hapaumi wala si pa moto, na maziwa ni dang'a ya kawaida, huo ni uvimbe wa maji. Mtembeze, mkande, punguza chumvi kwenye pumba. Hakuna antibayotiki, hakuna mitishamba ya lazima. Utaisha siku chache baada ya kuzaa.

Robo moja ikiwa ngumu, ya moto, na inatoa usaha mzito unaonuka, kwa mtamba au kwa ng'ombe aliyekaushwa (aliyeachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa), hiyo ni habari tofauti. Mwite daktari siku hiyo hiyo. Robo huwa imeshaharibika. Kinachookolewa ni ng'ombe na mimba.

"Maziwa ya pinki"

Aliyezaa karibuni: vimishipa vidogo vimepasuka, husafika yenyewe ndani ya siku chache. Mwingine: amepigwa pembe, teke, au amekamuliwa kwa nguvu. Kamua taratibu, maji baridi, usikande. Ikizidi wiki, au damu ikitoka na mabonge ya usaha, au mkojo nao ni mwekundu, mwite mtaalamu. Mkojo mwekundu haukuhusu wewe na kikombe chako tena.

"Kinapona, kinarudi, robo ile ile"

Sababu inayoongoza: hakikupona. Staphylococcus aureus hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele na kujijengea ukuta, dawa haiufikii vizuri, na majani hayaufikii kabisa. Ukibonyeza unasikia vigololi. Sababu ya pili ni wewe, unamwambukiza upya kila asubuhi kwa kitambaa. Ya tatu ni ncha ya chuchu iliyochakaa, imechanua kama ua, haifungi tena.

Hapa acha kubahatisha, peleka maziwa maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Arusha na mikoa mingine. Futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, mwaga mikamuo mitatu, kamulia kwenye kichupa kilichotakaswa ambacho utakipata maabara penyewe au kwa bwana mifugo, weka kwenye barafu, kifike siku hiyo hiyo. Usichukue sampuli baada ya kumpiga dawa. Majibu ya "hakuna kitu" kwa kijidudu hiki usiyaamini mara moja, kwani hutoka na kujificha, rudia.

Wakati mzuri wa kumshughulikia ni anapokaushwa, siku 60 hivi kabla ya kuzaa. Kwa mwenye ugonjwa, tyubu ya antibayotiki ya kukaushia inayoelekezwa na daktari ndiyo njia yenye nafasi kubwa, na hapo huna maziwa ya kumwaga. Kwa mzima, ipo njia isiyo na antibayotiki kabisa: kizibo cha bismathi kinachowekwa ndani ya chuchu na kuziba tundu mpaka azae. Kinawekwa na mtaalamu, kwa usafi wa hali ya juu. Ikishindikana, ikaushe robo hiyo peke yake kwa kudumu, au mtoe ng'ombe kwenye zizi. Naandika hivi nikiwa nimewahi kununua ng'ombe wa namna hiyo mnadani kwa bei nzuri. Baada ya miezi sita nilikuwa na wanne wenye vigololi.

"Amelala, maziwa kama chai ya rangi"

Hapa weka mshubiri chini.

Maziwa majimaji ya rangi ya kahawia au njano, macho yameingia ndani, masikio ya baridi, hataki kula, anaharisha au anatetemeka, homa juu au joto limeshuka mno: sumu imeingia kwenye damu. Anaweza kufa ndani ya siku moja. Chuchu ikiwa ya baridi na imegeuka rangi ya zambarau au nyeusi, ni nyama inayokufa. Antibayotiki ya sindano, maji ya mshipani na dawa ya maumivu vinahitajika sasa, na vinaamuliwa na daktari. Hata Marekani, ambako ng'ombe wa shamba la maziwa ya ogania (ufugaji wa kilimo hai) akipigwa antibayotiki maziwa yake hayauzwi tena kama ogania, sheria yao inamkataza mfugaji kumnyima dawa ng'ombe mgonjwa ili kulinda hadhi hiyo.

Mtego mmoja: ng'ombe aliyelala siku mbili tatu baada ya kuzaa, masikio ya baridi, watu husema mara moja "homa ya maziwa" na kumtundikia kalsiamu. Mara nyingi wako sahihi. Lakini kila ng'ombe aliyelala kamua chuchu zote nne kwanza uone kinachotoka.

Ukimsubiri daktari: mkalishe kifudifudi asilale ubavu, mwekee kivuli na majani makavu, maji yawe karibu na mdomo, kamua robo mbovu. Usimnyweshe kitu kwa chupa akiwa amelala, kitaingia mapafuni.

Na ukipiga simu, mwambie mambo manne kabla hajauliza: joto lake, robo ipi na rangi ya maziwa, amezaa lini, na kila ulichompa au kumpaka tangu jana. Sema vyote, hata kama ni asali. Hatakucheka, na kama atakucheka, atakucheka huku anakuja.